Gari Limekufa au Gari Amekufa? Somo la Injini Iliyonoki

 

Mtakumbuka Jumamosi ile darasa langu lilipokaa saa nzima bila mwalimu, mpaka mwenzangu wa darasa la watoto wadogo akawachukua akawaimbisha nyimbo zote anazozijua, nyingine mara mbili. Wengi mliniuliza kulikoni. Nilijibu "ni gari tu" nikaishia hapo, kwa sababu nilikuwa na aibu. Leo nitasema yote. Ndani yake mna somo la ngeli, mna maneno ambayo kwa kawaida hamyasikii darasani, na mna hesabu ambayo mzazi yeyote mwenye gari kuukuu hapa Uingereza ataifanya siku moja, apende asipende.

Ilivyokuwa

Ilikuwa saa tatu kasorobo asubuhi. (Wanafunzi, simu zenu zingeonyesha saa ngapi hapo? Msimuulize mzazi.) Tulikuwa barabara kuu, mimi na watoto wangu wawili, kapu la daftari zenu liko kwenye buti. Nikasikia mlio chini ya boneti: ko-ko-ko-ko, kama mtu anayegonga mlango na ana haraka. Nikajisemea, nifike shule kwanza ndipo niangalie. Mlio ukakua, gari likapoteza nguvu, kisha injini ikazima yenyewe tukiwa mwendoni. Usukani ukawa mzito. Nikalisogeza gari mpaka pembeni kwa mwendo uliobaki, nikawasha taa za hatari. Nikajaribu ufunguo mara moja. Tk. Basi.

Tukashuka wote kwa milango ya kushoto, upande usio na magari, tukavuka vyuma vya kando ya barabara tukasimama nyuma yake. Hilo nalo mlishike: gari likisimama kando ya barabara kuu, hamkai ndani, hata kama mvua inanyesha. Na ilikuwa inanyesha.

Kijana wangu wa mwisho, ana miaka 9, akaniangalia akasema: "Mama, gari amekufa."

Nami, mwalimu wa Kiswahili, nimelowa chapachapa kwenye majani ya Uingereza, nikamsahihisha: "Limekufa. Gari limekufa."

Akanijibu: "Lakini alikuwa anatembea."

Hoja yake si mbaya. Kwa Kiswahili gari hutembea, hula mafuta, huchemka, hugoma, na mwisho hufa, yote hayo kama mtu au punda. Lakini ngeli haiangalii kitu kinafanya nini. Gari ni la LI-YA, kwa hiyo gari limekufa, magari yamekufa. Mtawasikia wazazi wenu wakisema "gari yangu imekufa". Hiyo ndiyo lugha ya stendi na gereji, na mimi nikiwa na hasira husema hivyo hivyo. Darasani tunaandika limekufa.

Sasa tazameni sentensi hizi, zote za siku ile: Injini imeharibika. Beringi zimesagika. Oili imekauka. Safari imekatika. Kila moja ina kiambishi chake mbele, na hicho mnakijua. Ninachotaka mkitazame leo ni mwisho wa kitenzi. Haribu imekuwa haribika. Saga imekuwa sagika. Kata imekuwa katika. Mwisho huu wa -ka husema kwamba kitu kimefikwa na jambo, bila kumtaja aliyelitenda. Ukivunja glasi jikoni, utasema "glasi imevunjika", na mama atauliza "nani kaivunja?" kwa sababu anajua unachokifanya.

Mwisho wa -ka ni rafiki mkubwa wa mtu mwenye kosa. "Injini imeharibika" ndivyo nilivyomwambia kila mtu wiki ile. Sentensi ya kweli ilikuwa "Nimeiharibu injini."

Taa niliyoiona

Taa niliiona tangu Alhamisi. Nilikuwa natoka zamu ya usiku, nikikata kona ya mzunguko, ikawaka kwenye dashibodi taa nyekundu yenye umbo la birika dogo linalodondosha tone. Nilipomaliza kona ikazima. Kona iliyofuata ikawaka tena. Nikajiambia kwamba sevisi ni mwezi ujao, na macho yangu yalitaka kitanda. Ijumaa nikalala mpaka watoto wakarudi.

Mimi ni muuguzi. Mgonjwa akinieleza kwamba dalili alianza kuziona Alhamisi na amekuja Jumamosi, namwangalia kwa jicho fulani. Safari hii nilijiangalia mwenyewe kwa jicho hilo kwenye kioo.

Watu wengi hudhani taa ile inasema oili imepungua, jaza ukipata nafasi. Sivyo. Ile nyekundu inasema presha ya oili imeshuka. Ni kama presha ya damu: haitoshi damu kuwemo mwilini, lazima isukumwe ifike inakotakiwa. Oili ikiwa kidogo, gari likiinama kwenye kona, oili yote hukimbilia upande mmoja wa sinia la chini na pampu hunyonya hewa. Ndiyo maana taa iliwaka kwenye kona na kuzima barabara iliponyooka. Haikuwa imepona. Unapoiona taa hiyo unatafuta mahali salama, unazima injini, na huiwashi tena mpaka ijulikane sababu. Maili 2 zaidi zinatosha kuua injini.

Ndani kuna nini? Gari letu lilikuwa la petroli, silinda 4. Katika kila silinda mna pistoni inayopanda na kushuka, na pistoni zote zimeshikana na chuma kimoja kirefu kilichopindapinda kinachoitwa kranki. Pistoni zikisukuma, kranki inazunguka, na mzunguko huo ndio unaofika kwenye matairi. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mwendo wa kawaida tu wa barabara kuu, kila pistoni inapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde moja. Kranki haigusani na beringi zake. Kati yao kuna utando wa oili, mwembamba kuliko unywele. Utando ukikatika, chuma kinasugua chuma, joto linapanda, beringi zinasagika na kuanza kugonga, ndiyo ile ko-ko-ko. Mwisho beringi inashikana na kranki kana kwamba imechomelewa. Hapo injini haizunguki tena.

Hali hii mafundi wa kwetu wana majina yake. Tanzania na Kenya utasikia injini imenoki, neno lililotokana na mlio wenyewe wa kugonga kwa Kiingereza. Wengine husema imejam. Kwenye insha unaweza kuandika imekwama au imeganda na utaeleweka, ingawa fundi atakucheka kidogo.

Imenoki kweli?

Gari la kuvuta, lile ambalo Dar watu huliita brekdauni, lilitufikisha gereji ya karibu na nyumbani. Nilishaanza kulia gari langu. Fundi, mzee mmoja mpole, akaniambia tusilizike kwanza.

Maana gari lisilozunguka si lazima injini yake iwe imekufa. Betri ikiisha, utasikia tk ile ile. Starta ikikwama, vivyo hivyo. Wakati mwingine kinachokwama si injini bali kifaa kinachoendeshwa na mkanda wa mbele, kama altaneta au kompresa ya kipoza hewa, nacho kinaishikilia injini nzima. Fundi alitoa mkanda ule. Akaweka gia huru. Akachukua spana ndefu akaishika nati ya puli ya kranki na kujaribu kuizungusha kwa mkono. Injini nzima huzunguka, kwa ugumu lakini huzunguka. Yetu haikusogea hata upana wa ukucha. Akatoa plagi zote 4, akajaribu tena. Hiyo ni kwa sababu maji yakiingia kwenye silinda, labda gari limepita kwenye mafuriko, pistoni hushindwa kupanda kwani maji hayabanwi kama hewa; ukitoa plagi maji hutoka na injini huweza kuzunguka. Yetu hayakutoka maji, wala haikuzunguka.

Kisha akachomoa kijiti cha oili akanionyesha. Kikavu. Hakusema kitu, na mimi sikusema kitu.

Wazazi, msikubali neno "injini imekufa" kabla ya hatua hizo. Ni kazi ya muda mfupi, na tofauti yake ni kati ya kununua starta na kununua injini. Tena sababu ya kufa ndiyo inayoonyesha hali ya kilichobaki. Gari lililokaa miaka uani na ringi zake zikashikwa na kutu ndani ya silinda, mara nyingine hufunguka kwa kumwagiwa oili nyepesi kwenye matundu ya plagi na kusubiriwa siku kadhaa. Lililochemka kwa kukosa maji kwenye rejeta, pistoni zake za aluminiamu hutanuka kuliko silinda za chuma na kubana. Likipoa huenda likazunguka tena, ila kuta za silinda zimekwaruzika na gasketi ya hedi huenda imeungua. Lililokatika mkanda wa taimingi, vali zake hupigwa na pistoni. Huko mara nyingi kinachotengenezwa ni hedi, si injini nzima. Lililokosa oili kama letu ndilo baya, kwa sababu kranki yenyewe imeumia.

Simu kwa mjomba

Jioni ile nikampigia mjomba wangu, fundi wa miaka mingi kule Gerezani, Dar es Salaam. Nawaandikia mazungumzo yetu kwa sababu yanafaa kusomwa kwa sauti darasani, watu wawili wawili. Angalieni kwamba hata injini ikifa, salamu hutangulia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wajukuu zangu hawajambo?"

"Hatujambo, mjomba. Ila gari imenoki."

"Pole sana. Imenoki au imezima tu?"

"Fundi amejaribu kuzungusha kranki kwa spana, haisogei. Na oili kwenye kijiti hakuna."

"Hakuna kabisa? Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo, mjomba."

"Haya. Basi fungua injini. Kranki wataichonga, utawekewa beringi mpya, ringi mpya, gasketi, unatembea miaka mingine 10. Gari halitupwi, mwanangu."

"Mjomba, huku fundi analipwa kwa saa."

"Shilingi ngapi?"

"Pauni 75."

Simu ikawa kimya, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza polepole: "Saa moja?"

Mjomba hakukosea, na fundi wa hapa aliyenishauri kinyume chake hakukosea pia. Kule Dar spea ndiyo ghali na mikono ya fundi ni nafuu, kwa hiyo watu hufungua injini, huchonga, hufunga tena. Gari lenyewe bei yake ni kubwa kwa kuwa limevuka bahari na kulipiwa ushuru, basi hata likizeeka linastahili kutibiwa. Hata injini za mtumba zinazofungwa kule nyingi zimetoka Japani au kupitia maduka ya spea ya Dubai na Sharjah, bado nzima, kwa sababu huko zilikotoka watu hawakuona faida ya kulitengeneza gari. Hapa Uingereza mambo yamegeuka: magari ya mtumba ni mengi na bei yake si kubwa, ila saa za fundi ndizo zinazokula fedha. Kutoa injini, kuifungua, kuipeleka kuchongwa, kuirudisha na kuifunga ni siku kadhaa za kazi.

Inatengenezeka, lakini

Hapa turudi kwenye ule mwisho wa -ka, maana una kazi ya pili. Husema pia kwamba jambo linawezekana. Soma, someka: mwandiko huu unasomeka. Beba, bebeka: mzigo haubebeki. Tengeneza, tengenezeka. (Kwa nini ni -eka na si -ika? Angalieni irabu iliyo mbele yake: e na o hufuatwa na -eka, a, i na u hufuatwa na -ika.)

Nilimuuliza fundi kama injini inatengenezeka. Akasema ndiyo, karibu kila injini hutengenezeka. Nimegundua baadaye kwamba hilo si swali. Swali ni kama inafaa kutengenezwa. Hospitalini pia tunayajua maswali haya mawili, na si mara zote jibu la kwanza humaliza la pili.

Alinipa bei tatu. Kufungua injini na kuifufua: pauni 3,400, na huenda ikapanda akishaona hali ya ndani. Kufunga injini ya mtumba: pauni 1,900, pamoja na mkanda mpya wa taimingi, pampu ya maji, oili na gasketi, dhamana miezi 3. Kuliacha: wanunuzi wa magari mabovu wangetoa pauni 400 lilivyo, na gari la namna ile ile, mwaka ule ule, zima, linauzwa kama pauni 2,600.

Njia ya kwanza iliondoka yenyewe. Zikabaki mbili. Baba watoto akasema tufunge injini, kwani majira ya kuchipua tulitumia pauni 380 kwa matairi na breki, zisipotee bure. Nilikubaliana naye usiku mzima, asubuhi nikaona tumekosea. Zile 380 zimeshatoka. Tutengeneze tusitengeneze, hazirudi. Kinachohesabiwa ni kwamba matairi na breki ni vizima leo, basi. Hesabu inayofaa ni hii: nikishalipa, nitakuwa na nini? Nikifunga injini, ninalipa 1,900 na nina gari ninalolijua tabia. Nikiliacha, ninalipa 2,600, ninarudishiwa 400, yaani 2,200, na nina gari la mgeni ambalo sijui lilitunzwaje. Injini ya mtumba ilishinda kwa pauni 300. Tukataka kumpigia fundi akubali kazi.

Kilichonizuia ni mazoea ya kazini. Mgonjwa akiletwa na mguu uliovunjika, hatuangalii mguu tu. Nikamwomba fundi alipandishe gari juu alikague lote kwanza, kama vile linaenda kwenye MOT, ule ukaguzi wa kila mwaka wa magari yaliyopita miaka 3. Alinipigia baada ya chakula cha mchana. Bodi chini ya milango, pande zote mbili, imeliwa na kutu. Hapa msimu wa baridi barabara humwagiwa chumvi ili zisigande, na chumvi hula chuma kutoka chini ambako mwenye gari haoni. MOT yetu ilikuwa Novemba na lisingepita bila kuchomelewa: pauni 700 nyingine.

Hesabu ikageuka: 1,900 na 700 ni 2,600, dhidi ya 2,200. Tukaliacha.

Siwaambii kwamba kuacha ni sawa kila mara. Ingekuwa gari halina kutu, ningefunga injini siku ile ile. Mwenye gari la kazi, van iliyojaa rafu zake na zana zake, ana hesabu nyingine, na mwenye gari la bei kubwa pia. Wanaoishi London wana jambo moja zaidi: dizeli isiyofikia kiwango cha Euro 6 hulipa pauni 12.50 kwa kila siku inayotembea katika eneo la ULEZ, na tangu Agosti 2023 eneo hilo ni mitaa yote ya London. Kuinunulia injini gari ya namna hiyo ni kununua deni.

Na anayeamua kufunga injini ya mtumba amuulize muuzaji mambo haya bila kuona haya: Imetembea maili ngapi, na anathibitishaje? Namba ya aina ya injini ni ile ile ya gari lako? Imepimwa mbano wa silinda? Dhamana inalipa injini peke yake, au na saa za fundi za kuitoa na kurudisha nyingine? Hilo la mwisho ndilo linaloumiza watu. Mkanda wa taimingi na pampu ya maji vibadilishwe injini ikiwa bado chini, kwani ikishafungwa kazi hiyo hulipiwa upya. Na kabla ya yote ijulikane nini kiliua ile ya kwanza. Kama ni rejeta iliyoziba, injini mpya nayo itachemka. Ikishafungwa, mjulisheni DVLA namba mpya ya injini, maana imeandikwa kwenye kadi ya gari.

Gari letu lilichukuliwa na yadi iliyoruhusiwa kisheria kuvunja magari. Hawalipi fedha taslimu, sheria imekataza. Akija mtu na noti mkononi kununua gari bovu la kuvunjwa, mwogopeni. Wanatoa cheti cha kuteketezwa gari, kisha unawajulisha DVLA na kodi ya barabara ya miezi kamili iliyobaki inarudishwa. Bima unaifuta mwenyewe, haijifuti. Mtu ambaye bado anafikiria, na gari lake limekaa uani bila kodi au bima, atangaze SORN wakati anafikiria, au faini itamkuta. Tulitoa viti vya watoto, mkeka wa sala, na chini ya kiti cha nyuma daftari la mwanafunzi mmoja lililopotea tangu mwaka jana. Mwenyewe anajijua.

Pauni 2,200 zilitoka kwenye fungu la tiketi za Desemba. Nilimpigia mama Tanga kumwambia. Nilisema: "Mama, safari imeahirishwa." Mama hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini sarufi anaijua kuliko mimi. Akauliza: "Imeahirishwa na nani?"

Nikasema: "Na mimi, mama. Niliona taa nikaiacha."

Akanyamaza kidogo, akauliza kama watoto walilowa sana.

Kazi ya nyumbani

Wanafunzi wote: Asubuhi moja wiki hii, gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini imepoa, fungueni boneti pamoja na mzazi. Mtafute kijiti cha oili. Mkichomoe, mkifute, mkirudishe mpaka mwisho, mkichomoe tena. Oili inatakiwa iwe kati ya alama mbili. Chora kijiti kwenye daftari na uonyeshe oili imefika wapi. Kisha taja kwa Kiswahili vitu 5 unavyoviona chini ya boneti. Ukikosa jina la kitu, muulize mzazi. Akikosa naye, mpigieni simu mjomba yeyote.

Darasa la kwanza na la pili: Jaza kiambishi. Mkanda __mekatika. Matairi __mepasuka. Kioo __mevunjika. Taa __mewaka. Gari __mekufa.

Darasa la tatu: Geuza sentensi hizi ili mtendaji ajulikane. Glasi imevunjika. Chakula kimeungua. Simu imepotea. Anza na "Nime-". Zisome mbele ya mtu wa nyumbani, kama unathubutu.

Darasa la nne na wazazi: Gari la jirani limenoki. Likiwa zima lingeuzwa pauni 4,000. Lilivyo sasa anapewa 600. Injini ya mtumba ni 2,300, na MOT ijayo itadai pauni 450 za kazi nyingine. Mshaurini kwa sentensi 6, mkitumia maneno haya: inatengenezeka, inafaa, dhamana, kutu. Mnamwandikia mtu mzima, kwa hiyo mwanze na salamu.

Daftari nizione Jumamosi. Jedwali la ngeli liko ukutani kwa atakayekwama. Kijana wangu hulipita kila wiki na bado anasema gari amekufa.